Ghala Tuliloliimba

Nilizaliwa mwaka 1955 kwenye kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Baba alikuwa Mbena, aliyeletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya manamba kutoka mbali na kuwagawa katika mashamba ya Tanga. Mama ni Mzigua wa Sindeni, upande wa Handeni. Siku za shule nililala kambini nikisikia mngurumo wa korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge. Likizo nilipelekwa Sindeni kwa mjomba, ambako ngoma ya selo ilikesha na asubuhi watu wakaenda shamba na sauti zilizokauka.

Mwisho wa mwezi kambini ulikuwa sikukuu. Mshahara ukishatoka, jioni lori linaingia na vyombo: magita, vipaza sauti, dramu zilizofungwa kwa turubai. Bendi zilitoka Tanga mjini, Atomic Jazz na mtindo wao wa Kiweke, au Jamhuri Jazz. Ndani ya Jamhuri ndimo walimopitia ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliohamia Arusha kisha Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Wakati ule hatukujua kwamba tunachungulia watu watakaokuja kusikika Afrika Mashariki nzima. Tulikuwa watoto kwenye madirisha ya ukumbi wa wafanyakazi, tunabebana mabegani kwa zamu. Ndani, wakata mkonge ambao mchana niliwaona na mikono iliyochanwa na miiba walikuwa wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Wimbo ulianza taratibu, ukasimulia kisa chake, kisha magita yakachemka, na mtu aliyeguswa akapanda jukwaani kumtunza mwimbaji, noti akaibandika kwenye paji la uso lenye jasho.

Baba aliamini kwamba huo ndio muziki, na baada yake hapatakuwa na mwingine. Mjomba hakukubali. Alikuwa mpiga ngoma, na magita kwake yalikuwa kelele za wenye viatu. Alimwambia baba mbele yangu, "Shemeji, huo wenu mtu anaimba na wengine wanamtazama. Selo haina mtazamaji." Nadhani nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba muziki umeharibika, na muziki ulioharibika ulikuwa wa Kiweke na wa mwimbaji Mbaraka Mwinshehe, huohuo ambao wazee wenzangu leo wanaulilia kama paradiso. Nimelishika neno lile miaka yote. Kila ninapoanza kuwashutumu vijana, namwona mjomba amekaa kwenye kigoda chake anatikisa kichwa.

Wenye bendi wana msemo: mwenye vyombo. Mtu akisema "mwenye vyombo kakataa," mazungumzo yameisha. Ukubwani nilielewa kwamba bila msemo huu huwezi kuzielewa siasa za wanamuziki wetu. Gita la umeme, amplifaya na saksafoni havikununuliwa na kijana wa mtaani kwa jasho lake. Vilinunuliwa na taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi, Polisi na Magereza walikuwa na bendi zao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na wimbo ukishatungwa ulipelekwa Radio Tanzania, redio pekee tuliyokuwa nayo Bara, ambako maneno yalisomwa na kamati kabla mtu hajagusa kipaza sauti. Kiwanda cha kutoa santuri hakikuwepo nchini. Aliyetaka sahani alifunga safari ya Nairobi.

Kwa hiyo ukisikia nyimbo za zamani zinalisifu Azimio la Arusha, kilimo na umoja, usiharakishe kusema wale walikuwa wazalendo na hawa wa leo ni wahuni. Wengi waliamini kwa moyo, sisi sote tuliamini. Lakini pia hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Yasiyoweza kusemwa yalivaa nguo za mapenzi. Mbaraka alipoimba kuhusu shida, mkata mkonge wa shamba la Ngombezi hakuhitaji kuelezwa shida ni nini. Alipokufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, baba alizima redio akatoka nje, akakaa chini ya mwembe mpaka usiku. Hakuwahi kufanya hivyo kwa kiongozi yeyote.

Sasa niseme langu, maana na mimi nimewahi kuimba siasa.

Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ndani huko Handeni, kijiji cha ujamaa kilichokuwa bado kinanuka udongo mpya wa nyumba za operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Nilipewa kwaya ya shule kwa kuwa nilijua kupiga gita kidogo. Kila mgeni wa chama au serikali aliyekuja, kwaya ilimpokea, na nyimbo nilitunga mimi. Ilikuwa kazi niliyoipenda. Watoto wa Kizigua wana masikio ya ajabu. Unawapa sauti ya kwanza, ya pili wanaitafuta wenyewe.

Mwaka 1980 mvua ilitupa kisogo. Mahindi yalinyaukia shambani yakiwa kimo cha magoti. Watu walichimba viazi mwitu porini, na shuleni niliita majina asubuhi nikakuta nusu ya darasa haipo. Katikati ya hali hiyo ikaja taarifa kwamba mgeni mkubwa wa chama anapita, kwaya iandae wimbo wa mafanikio ya kijiji. Nilikaa usiku na kibatari nikatunga. Nilitunga wimbo mzuri, na huo ndio uchungu wenyewe. Ulikuwa na kiitikio cha kupokezana, wavulana wakiuliza na wasichana wakijibu, na ndani yake mlikuwa na ghala la kijiji lililojaa hadi mahindi yanamwagika mlangoni. Watoto waliokuwa hawajala tangu jana yake waliimba kwa nguvu zao zote. Mgeni alipiga makofi, akatutunza shilingi ishirini, akaondoka na vumbi lake.

Kesho yake mzee mmoja alinifuata shuleni. Alikuwa amebeba debe tupu. Hakuwa na hasira, hata kidogo. Akaniambia, "Mwalimu, samahani nakusumbua. Lile ghala mliloliimba jana liko upande gani? Nikachukue debe moja tu, wajukuu wangu wana njaa."

Sikuwa na jibu. Niliangalia chini. Alisubiri kwa muda, akaona sijibu, akaniaga kwa heshima zote, "Haya Mwalimu, kazi njema," akarudi alikotoka. Wiki kadhaa baadaye ulikuja unga wa msaada, ule wa mahindi ya njano tulioupachika jina la Yanga. Mzee yule aliupata kama wengine. Lakini mimi sikutunga tena wimbo wa kwaya mpaka nilipohamishwa, na kila wimbo wa siasa ninaousikia tangu siku ile naupitisha kwenye swali lake. Ghala liko upande gani?

Nilihamia Korogwe katikati ya miaka ya themanini, na hapo nikashuhudia kifo ambacho wengi hukieleza vibaya. Husemwa kwamba muziki wa dansi uliuawa na disko, na vijana kupenda vya nje. Kwetu uliuawa na mkonge. Nchi hii iliwahi kuzalisha zaidi ya tani 200,000 za singa za mkonge kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1960. Bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa na kuendeshwa vibaya, na kufika miaka ya tisini uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha moja ya kumi ya ule. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulipoanza kuchelewa, kisha kukosekana, lori la vyombo lilikata mguu. Bendi ya watu kumi na watano, yenye tarumbeta na saksafoni, inalishwa na kiingilio cha watu wenye kazi. Atomic na Jamhuri hazikukosa vipaji. Zilikosa wakata mkonge wenye mashati meupe. Ule ukumbi wetu wa kambini nilikuja kuukuta umegeuzwa stoo ya magunia, jukwaa limebomolewa ili gari lipite.

Hili nawaomba wanaoandika historia ya muziki wetu walizingatie: hesabuni mishahara kabla ya kuhesabu vipaji.

Kisha dunia ikageuka. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, redio binafsi zikafuata, kinanda cha kompyuta kikashika nafasi ya watu kumi na watano. Kwa mara ya kwanza kijana angeweza kutoa wimbo bila kumwomba mwenye vyombo wa zamani. Remmy Ongala alikuwa ameshaonyesha njia akiwa bado kwenye magita. Mkongomani yule aliyekuja kwetu mwaka 1978 alimwimba mlalahoi waziwazi, na wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi", uliohimiza kondomu wakati UKIMWI unatumaliza, redio ya taifa haikuupiga. Waliomfuata ni watoto wa rapu. Mr. II alitoa "Hali Halisi" mwaka 1998. Profesa Jay akaja na "Ndio Mzee" mwaka 2001, akimvaa mgombea anayeahidi kila kitu. Na kutoka Tanga, kwa lafudhi yetu na maneno yetu, wakaja Mkoloni na Dokta John, Wagosi wa Kaya.

Sijui kama mtu asiye wa mkoa huu anaweza kuelewa tulivyojisikia. Mgosi ni mwanamume kwa Kisambaa na Kibondei, na ndivyo tunavyoitana barabarani. Ghafla neno hilo liko redioni nchi nzima. "Tanga Kunani" ilitaja hadharani tulichokuwa tunanong'ona: viwanda vimekufa, bandari imelala, mji uliokuwa mbele umebaki na sifa za majini. "Wauguzi" ndiyo iliyonigusa zaidi. Miaka michache kabla, mama yangu aliachwa kwenye benchi la hospitali usiku kucha, anapumua kwa shida, huku waliokuwa zamu wakitupita bila kutuangalia. Hakufa usiku ule, lakini hakupona kiburi kile. Kwa hiyo nilipousikia wimbo nilihisi vijana wale walikuwa na mimi kwenye benchi.

Nikiwa na hisia hizo nilipanda basi la Korogwe kwenda Handeni, mwaka 2003 kama sikosei. Barabara ilikuwa ya vumbi, madirisha yamefungwa, joto. Dereva akaweka kaseti ya Wagosi wa Kaya. Ilipofika "Wauguzi" basi zima likachangamka, watu wanaitikia. Kabla hatujafika Sindeni mama mmoja wa makamo akasimama, akamwambia konda azime. Konda akacheka. Mama akasema, "Mwanangu, mimi ni muuguzi. Zima."

Kelele zilimshukia kutoka kila upande. Abiria mmoja alimwambia ukweli unauma. Yule mama alisubiri wanyamaze, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka karibu yote. Alisema usiku anakuwa peke yake na wodi mbili. Alisema wiki iliyopita amezalisha mwanamke kwa mifuko ya plastiki mikononi kwa sababu glavu zimekwisha. "Wapo wenzangu wenye midomo michafu, sikatai, na wawaimbe. Ila hao vijana wameniimba mimi kwa sababu mimi ndiye wanayemwona. Anayegawa glavu wamemwimba lini?"

Konda alizima. Tulifika Handeni kimyakimya.

Nilishuka nikiwa na mambo mawili kifuani, na mpaka leo sijaacha hata moja. Wimbo ulisema kweli. Mama yangu ni shahidi. Na yule muuguzi naye alisema kweli. Ujasiri wa mwanamuziki haumpi haki ya kukosea anayemlenga. Tena ni rahisi kumrushia jiwe aliye karibu, mwenye sare, kuliko aliye nyuma ya meza ambaye hata jina lake hulijui. Wagosi wa Kaya waliimba na mambo mengine mengi, na wakubwa hawakusalimika, kwa hiyo siwahukumu kwa wimbo mmoja. Bado nawaheshimu sana. Lakini yule mama alinifundisha kuuliza la pili: huyu aliyeimbwa, ndiye mwenye ufunguo wa ghala?

Baadhi ya vijana wale waliingia siasa zenyewe. Mr. II, Joseph Mbilinyi, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, wote kwa tiketi ya CHADEMA. Mbilinyi alifungwa mwaka 2018 kwa maneno ya jukwaani dhidi ya Rais. Mwaka mmoja kabla, Machi, Nay wa Mitego alikamatwa Mvomero kwa ajili ya wimbo "Wapo", BASATA, baraza la sanaa la taifa, ikaufungia, na kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia. Mimi niliona jambo la kuhuzunisha: wimbo uliofungwa kwa neno la ofisi na kufunguliwa kwa neno la mtu mmoja bado una mwenye vyombo. Mwezi uliofuata, Roma, kijana wa Tanga anayeimba hesabu chungu za nchi hii, alichukuliwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, siku tatu hajulikani alipo. Nilisali kwa ajili yake kana kwamba ni mwanangu.

Na wapo waliochagua jukwaa la upande mwingine. Kapteni John Komba na Tanzania One Theatre waliiimbia CCM maisha yao yote, na mtu aliyesikia nyimbo za maombolezo ya Mwalimu Nyerere mwaka 1999 hawezi kusema yule mtu hakuwa anamaanisha. Simlaumu mwimbaji mwenye chama. Anayeimba anachokiamini, hata nisipokubaliana naye, ananiheshimu. Ninachokilaumu nilikiona uwanjani Korogwe kwenye kampeni moja: msanii kashushwa na gari, kaimba wimbo wake wa mapenzi, jina la mpenzi kalibadilisha kwa jina la mgombea, kachukua bahasha, kaondoka. Hata mgombea ni nani hakujua vizuri. Alilikosea jina mara mbili. Uwanja ulijaa alipokuwa anaimba, ukabaki nusu mgombea aliposhika kipaza sauti. Nilijiona mimi pale, na kibatari changu cha mwaka 1980. Tofauti ni kwamba mimi nililipwa shilingi ishirini, tena za kwaya.

Je, muziki umeshuka? Kuna vilivyoshuka, na sitawapendeza vijana kwa kuvificha. Mji kama Korogwe hauna leo bendi inayopiga tarumbeta. Vijana wanaoweza kulishika gita la besi wimbo mzima ni wa kuhesabu, na wengi ni wa makanisani. Wimbo uliokuwa na dakika nane za kusimulia kisa mpaka mwisho umekatwa ukawa dakika tatu, na mara nyingi mdundo ni uleule wa Afrika Kusini kutoka wimbo hadi wimbo. Hivyo ni vyombo, na vyombo vinafuata fedha. Ufundi wa maneno haujashuka. Singeli, iliyotoka kwenye mchiriku na vigodoro vya uswahilini Dar es Salaam, mwanzoni sikuweza kuisikiliza dakika moja. Siku moja kwenye harusi Chanika, pale Handeni mjini, nikaona hakuna aliyekaa. Wazee, watoto, wapishi na miko yao, wote uwanjani. Haikuwa na mtazamaji. Nikamkumbuka mjomba.

Mjukuu wangu ana studio hapo Chanika, chumba kimoja, ukutani amepigilia trei za mayai. Miaka michache nyuma alitunga wimbo wa mapenzi kuhusu msichana aliyekutana naye saa nane za usiku kwenye foleni ya ndoo. Kila ubeti foleni inasogea kidogo, anazidi kumpenda, na bomba halijatoa maji. Mtu wa Handeni hahitaji kufafanuliwa. Wilaya hii imekuwa ikisubiri maji ya mradi wa HTM, yanayovutwa kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, tangu mimi nikiwa mwalimu kijana. Hakumtukana mtu, hakutaja ofisi, na kila anayeusikiliza anajua anayeulizwa ni nani. Ndugu zangu wa rika langu, wimbo ule ungeweza kuimbwa na Atomic.

Kampeni zilipokaribia, mpambe wa mgombea mmoja akamfuata. Alimpa ofa ya shilingi laki tatu abadilishe ubeti wa mwisho: maji yatoke, na jina la mgombea litajwe. Laki tatu kwa kijana wa Chanika ni kodi ya miezi mingi. Akaja nyumbani jioni, akaniamkia, akakaa kimya sana, kisha akauliza, "Babu, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimsimulia habari za mzee na debe lake. Sikumwambia afanye nini. Njaa ni yake na studio ni yake.

Hakuubadilisha. Wiki iliyopita niliusikia kwenye bodaboda stendi ya Korogwe, ukipigwa na mtu asiyemjua mtunzi. Una dakika tatu na sekunde arobaini, jina la mgombea halimo, na yule msichana bado amesimama kwenye foleni na ndoo yake.